Siku Thelathini Bila Maji

Nilimwambia mara tatu, kisha nikamwandikia
nyuma ya risiti, kwa penseli ya fundi:
usilioshe.
Si leo, si wiki hii, si kwa sababu mgeni anakuja.
Doña Eufemia alinitazama
kama mtu aliyekatazwa kupumua.

Miaka arobaini na mmoja alikuwa dobi hapa Española.
Amefua kanzu za mapadri wanne,
aproni za wachinjaji, mashuka ya wazazi,
hata noti, anasema, aliwahi kuzifua na kuzipiga pasi.
Na sasa, uzeeni, kanunua Impala ya sitini na nne,
gari lenye jina la swala,
akaniletea mimi, Nazario, nilipake.

Matabaka matatu ya fedha.
Juu yake nyekundu ya pipi, saba,
kila moja nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu.
Juu yake vanishi.
Lilitoka gereji Jumatano ya Majivu.
Yeye alikuwa na msalaba wa jivu kwenye paji,
nikamwambia: unaona, hata wewe leo hunawi.
Hakucheka.

Nikamweleza. Rangi hukauka kuanzia juu, kama uji.
Kiganja hudanganywa na utando.
Chini bado kuna dawa inayotafuta njia ya kutoka,
inapanda polepole, usiku na mchana.
Ukiiziba kwa nta, ukiisugua kwa sabuni ya vyombo,
ukiipeleka kwenye ile mashine ya barabara kuu,
yenye brashi zinazozunguka kama zimepagawa,
rangi itakulipa, kwa malengelenge.

"Siku ngapi?"
Thelathini. Nta, tisini.
"Basi ni nafuu kuliko Kwaresima," akasema,
akaingia garini na kufunga mlango kwa kiwiko.

Siku ya nne akapiga simu: upepo.
Vumbi lote la nyanda za juu limehamia kwangu.
Liache.
Siku ya sita: mvua.
Mvua ni maji tu, itapita. Usifute.
Siku ya saba hakupiga. Nikaingiwa na wasiwasi.
Siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri, sauti ya msiba:
"Njiwa."

Hapo nikavaa viatu.
Kinyesi cha ndege hakingojewi, kina ukali wake.
Nilimkuta kasimama kando ya boneti,
mkono wa kushoto umeushika wa kulia
kama mtu anayezuia mbwa.
Kikombe kimoja cha maji safi. Kitambaa laini, kilichalowa,
tukakilaza juu ya uchafu, tukangoja.
Nikakiinua. Sikusugua.
"Ndiyo hivyo tu?" akauliza, kama aliyeibiwa.

Siku ya thelathini alikuwa na ndoo mbili kivulini
kabla jua halijafika uani.
Moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa.
Akaanzia paani akishuka, bila kukandamiza,
na maji yakajikusanya shanga shanga
yakaporomoka juu ya wekundu ule.
Sijawahi kuona mtu akiosha kitu hivyo.
Nilivua kofia, nikajifanya nasikia joto.

Ndipo nikaiona, karibu na kufuli ya buti:
alama ya kidole gumba, imezama kwenye vanishi.
Mistari michache tu, katikati patupu,
pameliwa na magadi ya miaka arobaini na mmoja.

"Usiku wa kwanza," akasema bila kugeuka.
"Nilitaka kujua tu kama imekauka."

Nikamwambia naweza kuiondoa.
Msasa wa elfu mbili, maji kidogo, nusu saa.
Akakamua kitambaa. Akakikamua tena, hakikuwa na tone.
"Madoa yote niliyofua," akasema, "yalikuwa ya watu."

Kisha akapiga magoti penye magurudumu,
akachukua brashi ngumu, akaivamia kromu,
na hapo sikuwa na la kumkataza.